Kasuku Katika Kikao cha Mahari

Kasuku wa kijivu, ambaye wanazuoni humwita Psittacus erithacus, anasifiwa vitabuni kuwa mwigaji hodari wa sauti kuliko karibu ndege wote wanaofugwa, na sifa hiyo kwa kawaida huandikwa na watu ambao, kwa dhahiri, hawajawahi kupokea wazee wa posa huku ndege huyo akiwa kwenye kitundu nyuma ya kochi la wageni. Kwamba anaweza kutamka si jambo la kubishaniwa tena. Kinachostahili uchunguzi ni kwa nini, kati ya maneno yote yanayosemwa nyumbani mwaka mzima, huhifadhi yale tu ambayo yakisikika mbele ya watu huvunja heshima ya ukoo.

Mfano unaofaa ni wa nyumba moja ya Nairobi, ambako tukio lenyewe bado halijapoa kiasi cha kutajwa mezani. Ukoo wa binti ulikuwa umekubaliana kudai mahari ya laki tano na, ikibidi, kushuka hadi laki mbili, kiasi ambacho wapatanishi hukiita bei ya mwisho na ambacho upande wa mvulana haupaswi kukijua hata kwa ndoto. Kwa muda wa wiki nzima mjomba wa binti, aliyeteuliwa kuwa msemaji, alifanya mazoezi sebuleni kila jioni, na kila zoezi lilimalizika kwa kofi la meza na tamko lile lile: "Hata wakitoa laki mbili, tunachukua!" Siku ya kikao, msemaji wa wageni alipouliza kwa adabu iwapo wenyeji wana kiasi wanachokifikiria, kimya ambacho desturi hudai kilijazwa na sauti ya mjomba mwenyewe, pamoja na kikohozi chake cha kujiandaa, ikitokea nyuma ya kochi. Hata kofi la meza halikusahauliwa, kwani lilipigwa kwa mdomo kwenye bati la kitundu. Mjomba hakuweza kukana papo hapo kwa sababu kinywa chake kilikuwa kimejaa mandazi, na baada ya kumeza hakukuwa na cha kukana. Wageni waliomba ruhusa ya kwenda nje kushauriana, wakakaa huko muda mfupi kuliko heshima inavyotaka, kisha wakarudi wakiwa na huzuni iliyopangwa vizuri na laki mbili kamili.

Ufundi uliotumika katika uharibifu huo ni wa ajabu kiasi kwamba hata aliyeumizwa nao hulazimika kuustaajabia. Binadamu hutoa sauti kwa nyuzi za sauti zilizomo ndani ya zoloto, yaani kile kiungo cha juu ya koo la hewa. Ndege hana nyuzi hizo, bali ana kiungo kiitwacho sirinksi, kilicho chini kabisa, pale koo la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, na hewa inayopanda kutoka mapafuni hutetemesha utando wake. Kasuku huongeza juu ya hayo ulimi mnene wenye nyama, ambao huusogeza ili kuibadili sauti inayopita, na ndiyo maana mlio uliozaliwa kifuani mwa ndege mwepesi kuliko kilo moja ya unga unaweza kutoka nje ukiwa na unene wa mjomba mwenye kitambi. Ubongo nao umejengwa kwa kazi hiyo: watafiti walieleza mwaka 2015 kwamba vituo vya kujifunza sauti katika ubongo wa kasuku vimezungukwa na ganda la ziada ambalo ndege waimbaji hawana. Nchini Marekani, kasuku aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg tangu mwaka 1977 hadi alipokufa mwaka 2007, alitaja vitu, rangi na maumbo, na akahesabu hadi sita. Kufika laki mbili, kama inavyoonekana, hakukuhitaji hesabu.

Kuhusu sababu ya uteuzi wa maneno, jibu liko porini. Kasuku huishi katika makundi, na hutambuana kwa milio ambayo kila mmoja huiokota kutoka kwa wenzake. Ndege aliyelelewa na watu huwahesabu watu kuwa kundi lake, kwa hiyo kauli inayorudiwa kila jioni kwa kofi la meza ni, kwa kipimo chake, salamu rasmi ya ukoo. Kumwita msaliti ni kumwonea.

Tena ameshaonewa vya kutosha. Katika misitu ya Kongo, wategaji hupaka ulimbo, yaani utomvu unaonata, kwenye matawi na kumweka kasuku mmoja awaite wenzake, na wengi wa wanaonaswa hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi uliofikiwa Johannesburg mwaka 2016, wakati ambapo msitu wa Kakamega nchini Kenya, uliokuwa na kasuku wake wenyewe, ulikuwa umebakiwa na wachache mno. Aliyebaki peke yake kitunduni hujinyonyoa manyoya hadi kifua kikawa uchi, na wageni humcheka. Watu wale wale wanaolalamika kwamba anasema mno hawajiulizi kwa nini anasema nao badala ya kusema na kasuku wenzake.

Maafa mengine ya nyumba ile ya Nairobi ni madogo: vitufe vya rimoti vimetafunwa vyote, na mlio wa ujumbe wa pesa husikika kila saa bila pesa.

Linalosumbua zaidi ni kwamba ndege huyu akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 hadi 60, na hivyo lazima arithiwe. Mwenye nyumba, mwenye umri wa kustaafu, alipowauliza wanawe ni nani atakayemchukua, wa kwanza alitaja pumu yake, hoja inayokubalika kisayansi, maana manyoya ya kasuku wa kijivu hutoa unga mwembamba unaoelea hewani. Wa pili alikumbuka ghafla kwamba ana mpango wa kuhamia Kanada. Na wa tatu alimwomba baba yake aipunguze sauti, kwa kuwa ndege alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.