Choo cha Mwaloni

Jumanne. Kikao cha Halmashauri ya Kijiji kilipangwa saa 4 asubuhi. Wajumbe tuko 25. Mpaka saa 6 tulikuwa 9, na akidi ni nusu. Mtendaji alifungua daftari la mahudhurio, akalifunga. Ajenda ilikuwa moja tu, choo cha mwaloni. Waliokosekana walikuwa wamelala. Ni kiza sasa, usiku hauna mwezi. Mitumbwi ya dagaa inatoka jioni na taa zake, inarudi alfajiri, na mtu aliyekesha majini huwezi kumkalisha kwenye benchi akajadili.

Jumatano. Mvua imenyesha saa 8 mchana, dakika chache tu. Nilikuwa na ndoo 6 za dagaa kwenye chanja, wamekauka nusu. Turubai langu lina matundu. Ndoo 2 zimeharibika, hizo nitawauzia watu wa chakula cha kuku.

Alhamisi. Leo nimetuhesabu pale mwaloni: wanawake 43, tangu saa 11 alfajiri tunapokea dagaa na kuanika. Choo cha karibu ni cha shule ya msingi. Mwalimu mkuu ametukataza, na ana haki, matundu yale hayawatoshi hata watoto. Basi watu wanaingia kwenye matete. Hatua chache kutoka hapo, binti wa dada yangu amesimama maji yakimfika magotini, anajaza ndoo ya maji ya kunywa. Kichocho kinapita hapohapo: mayai yanatoka na kinyesi cha mtu, vijidudu vinaingia kwa konokono, vikitoka huko vinapenya ngozi ya mtoto aliyesimama majini. Nilimwita atoke. Akaniuliza achote wapi. Sikuwa na pa kumwelekeza.

Ijumaa. Tumekwenda kupima kiwanja mimi, Mwenyekiti, Mtendaji na mzee mmoja mwenye shamba la mihogo jirani na mwalo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tepu tuliyokuwa nayo ni ya fundi, mita 5, kwa hiyo tunapima mara 12. Tulipofika mara ya nne, wimbi lilikuwa limeshafuta alama ya kwanza. Tukarudia.

Mzee akauliza, "Ukingo upi, wanangu?" Akatuonyesha mwembe uliokauka, umesimama ndani ya maji. Chini ya mwembe ule tulikuwa tukigawana dagaa. Ziwa lilipanda 2020, likapanda tena 2024, halikuurudisha. Mtendaji alisema tuanzie pale maji yalipofika mbali kabisa, kwenye mstari wa gugu maji lililokauka. Nilimuunga mkono. Mita 60 kutoka hapo zinaingia kwenye mihogo ya mzee. Alisimama kimya kitambo, kisha akasema anatoa hatua 10 kwa 10, ila iandikwe kwenye muhtasari na isomwe mbele ya kijiji.

Jumatatu. Kikao cha pili. Tumekuja 11, tumepungukiwa wawili kutimiza akidi. Niliomba ruhusa nikasema tupange vikao kwa mwezi wa angani. Mwenyekiti alisema tarehe huwa zinatoka kata. Nikamjibu, "Shikamoo Mwenyekiti, lakini dagaa hawasomi tarehe za kata." Tukahesabu kwa vidole hadi mbalamwezi: Jumatano ya wiki ijayo.

Jumatano, mbalamwezi. Mitumbwi yote imeegeshwa mwaloni, nyavu ziko juani. Wajumbe 22. Tumepitisha choo cha matundu 4, mawili ya wanawake. Kila mtumbwi utachangia thamani ya ndoo moja ya dagaa kwa kila kiza. Kiwanja cha mzee kimeandikwa. Na vikao vitafuata mbalamwezi.

Alhamisi. Mkutano mkuu wa kijiji umejaa hadi watu wakakaa kwenye mizizi ya mkuyu. Mtendaji alisoma muhtasari wote. Alipofika kwenye hatua 10 kwa 10, mzee alivua kofia.

Jumamosi. Vijana wameanza kuchimba. Nimewapelekea uji.

Jumatatu. Shimo lilipomfika mchimbaji kifuani, maji yakatoka, mwanzo kama jasho ukutani, baadaye yakajaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Fundi amesimamisha kazi. Anasema tujenge choo cha kuinuliwa, shimo lipande juu kwa mawe na saruji, maana uchafu ukikutana na maji haya utarudi ziwani kwa chinichini. Ni kweli kabisa. Lakini saruji hiyo haimo kwenye uamuzi wetu, lazima irudi kikaoni. Mzee amekuja kuuliza kama kiwanja chake bado kinatakiwa. Nimemwambia bado kinatakiwa, kimo kwenye muhtasari.

Usiku huu mwezi unachelewa kutoka na mitumbwi imeanza kuingia majini. Mbalamwezi nyingine ni siku 24. Nimelizungushia shimo matawi ya miiba, mbuzi na watoto wasitumbukie.