Mlango wa Kibuyu

Chini ya Kisangani, pale mto Kongo unapotulia baada ya kelele za maporomoko ya Wagenya, kulikuwa na ziwa dogo nyuma ya msitu. Watu hawakulipa jina. Wanyama waliliita Kibuyu, kwa kuwa lilikuwa na tumbo pana na shingo nyembamba. Shingo hiyo ilikuwa mfereji ambao mitumbwi miwili isingepishana, na ziwa halikuwa na mlango mwingine wa kwendea mtoni.

Mto ulipojaa kuelekea mwisho wa mwaka, maji yalipanda shingoni, yakajaza tumbo, yakamwagika mpaka kwenye mizizi ya miti. Hapo ndipo akina mama walipoingia. Mama Ngolo, ambaye watu wa pwani wangemwita kambare, alikuja usiku, akataga kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya, akaenda zake. Mama Tilapia alikaa amefumba mdomo siku baada ya siku, hali wala hasemi, maana mayai yake yalikuwa humo mdomoni. Papa Nzombo, mwenye mwili mrefu kama mkunga na pumzi kama ya wanyama wa nchi kavu, alichimba shimo kwenye tope akalinda watoto wake humo. Naye Kongo-ya-sika, jina lenye maana ya Kongo mpya, kwa kuwa si mzaliwa wa mto huu bali aliletwa na watu, alifyeka majani kwa mwili wake akajenga ua wa duara, yeye na mkewe wakakesha humo. Asubuhi ungewaona watoto wao wamekizunguka kichwa cha baba kama wingu jeusi. Akisogea wanasogea, akisimama wanasimama.

Ziwa lile lilikuwa chumba cha kujifungulia. Maji yalipoanza kushuka, watoto walitoka kwa mlango uleule wakaenda kukulia mtoni, na waliosalimika walirudi wakiwa wakubwa.

Walaji hawakukosekana. Mamba alikula, na ndiye aliyekuwa shefu. Kwazi alikula, Korongo alikula, Mdiria alikula, Kenge alikula, Mama Fisi-maji na wanawe wanne walikula kutwa. Samaki hawakupungua kwa ajili yao, kwani ziwa lilikuwa na sheria moja ya kurithi: kula popote, mlangoni pita tu. Korongo, kwa miguu yake mirefu na subira yake, aliwekwa hapo kuilinda.

Mwaka mmoja mto ulileta chandarua. Kilikuwa kimechanika upande mmoja, na kamba zake za kufungia kitandani zilikuwa bado zinaning'inia. Kilitoka kijiji fulani cha juu, ambako kiligawiwa ili watoto wa watu wasiumwe na mbu wa malaria. Kilinasa kwenye mzizi mbele ya tundu la Mama Fisi-maji. Wanawe walikuwa wamelala na njaa usiku ule, maana maji yalikuwa juu na samaki wakubwa wametawanyika msituni, hawakamatiki. Naomba msomaji alishike hili: kisa hiki hakikuanza kwa ulafi, kilianza kwa njaa ya watoto.

Mama Fisi-maji akakifunga chandarua shingoni mwa Kibuyu, mzizi kwa mzizi. Alfajiri kilikuwa kizito hata akashindwa kukivuta peke yake, akawaita wanawe. Samaki waliokuwamo walikuwa wadogo kama punje za mchele, weupe, kila punje ina vitone viwili vyeusi, na vitone hivyo vilikuwa macho. Ukiwachota kwa kiganja walishikamana kama uji. Ukimwinua mmoja kwenye mwanga uliuona uti wake wa mgongo, mwembamba kuliko unywele, na tumboni kiini cha manjano alichotoka nacho kwenye yai, bado hakijaisha. Watoto wanne wa Fisi-maji walikula wakashiba, wakalala juani.

Korongo akaja taratibu.

“Mama, hapa ni mlangoni.”

“Najua, Papa Korongo. Hawa hawajala tangu juzi.”

Korongo akawatazama wale watoto, akatazama maji. “Basi, leo tu.”

Mama Fisi-maji alikuwa na adabu. Hakumwacha mzee aondoke mikono mitupu. Alimfungia fungu kwenye jani. Siku ya pili Korongo alilikuta jani mahali palepale, hakuuliza. Siku ya tatu alifika kabla ya jani.

Kenge akaazima chandarua kwa zamu ya usiku. Kwazi akaona uchovu kuzunguka angani wakati chakula kiko chini. Shefu Mamba akapelekewa sehemu yake, nayo ikaitwa haki ya shefu. Haukupita mwezi, na hapakuwa na kinywa ziwani ambacho hakijaonja wale wadogo. Nami nimeonja. Sokoni huuzwa kwa kikombe, wamekaushwa juani, kwa bei ambayo mtu asiyeweza kununua hata kichwa cha kapitene anaimudu, na kwa lituma ni watamu. Kwa hiyo simnyooshei Mama Fisi-maji kidole nikiwa nimesimama ng'ambo.

Wa kwanza kugutuka alikuwa Mdiria, kwa sababu yeye hupima samaki kwa mdomo wake. Zamani alipotoka majini, kichwa cha samaki kilichomoza huku na mkia kule. Sasa samaki wote walienea mdomoni. Mwaka wa pili alipoketi juu ya mfereji wakati wa maji kujaa, aliona akina mama wamekuwa wachache, na waliopita walikuwa wasichana. Kwa samaki hili ni jambo zito. Ngolo mkubwa hubeba mayai makumi ya maelfu. Binti aliyeanza kuzaa juzi hafiki hata karibu. Mama mmoja mnene akipotea, mabinti kadhaa hawaijazi nafasi yake.

Ikaitishwa baraza chini ya mti wa limbali. Shefu Mamba akauliza samaki wamekwenda wapi.

Kenge akasema ni Mbenga wa mtoni, mwenye meno kama visu, anawamaliza njiani. Kwazi akasema ni mvua. Korongo akasema mlangoni pako salama, yeye yupo pale kila siku. Kisha mtu akanong'ona jina la Papa Nzombo, na mnong'ono ukawa sauti. Maji yakipungua sisi tunahangaika, yeye anaingia topeni na kutoka mzima. Anapumua hewa na anaitwa samaki. Anakaa peke yake shimoni. Nani huishi namna hiyo kama si mchawi?

Papa Nzombo alijitetea kwa maneno machache. “Kupumua nilizaliwa nako. Shimoni nina watoto.”

Wakamfukuza jioni ileile. Usiku shimo likabaki bila baba, na Kenge, aliyepaza sauti kuliko wote barazani, akawala watoto wote. Katika mitaa yetu kuna wazee wanaotolewa majumbani mwao kwa ushahidi usiozidi huo, na njaa ya mtaa haipungui hata kwa kijiko. Ni dhuluma, na tunaijua kuwa dhuluma siku tunayoitenda.

Mafuriko yaliyofuata hayakuleta nafuu. Katika majira hayo ndipo hufika Mbayuwayu, ambaye kila mwaka hukimbia baridi ya Ulaya na kuvuka nchi zetu. Safari hii alipitia mashariki, akatua juu ya limbali akiwa na habari.

“Nimepita Ziwa Edward,” alisema, “kwa wavuvi wa Vitshumbi. Miaka ya 1970 ziwa lile na mito yake lilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Vita na njaa vikaja, watu wakawaua kwa nyama na meno. Kufikia mwaka 2005 hawakutimia 1,000.”

“Kiboko si samaki,” alisema Shefu Mamba. “Sisi tunauliza habari za samaki.”

“Ndizo ninazokupa, Shefu. Kinyesi cha kiboko kilirutubisha maji, maji yakaotesha mwani, mwani ukamlisha tilapia. Wakamla kiboko, na baadaye nyavu zikarudi nyepesi. Kisha nikapita Ziwa Tanganyika. Nchi nne zinazoligawana, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kulipumzisha. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu samaki walizaa bila kuguswa.”

Baraza likanyamaza. Mdiria ndiye aliyeruka, akaufuata mto juu hadi maporomoko ya Wagenya. Ni ya mwisho kati ya maporomoko saba yanayopangana kutoka Ubundu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Msafiri Stanley aliyapitia Januari 1877, na jina lake likabandikwa hapo miaka mingi. Lakini alipofika aliikuta mitego ya wavuvi Wagenya imekwisha kusimama, naye mwenyewe aliandika habari zake. Mdiria alikaa siku mbili juu ya nguzo moja. Aliporudi alisema hivi:

“Wale wanasimika magogo matatu matatu katikati ya maji makali na kuyafunga kwa kamba za msituni. Wananing'iniza vikapu vikubwa kuliko mtu, vyenye mdomo mpana na mkia uliochongoka. Maji yenyewe humsukuma samaki ndani, asiweze kugeuka. Kila ukoo una mahali pake palipoachwa na babu. Nikadhani, watu hawa wangekuwa wamemaliza mto tangu zamani. Nikashuka nikatazama kikapu kwa karibu. Kati ya fito na fito pana nafasi. Mdogo huingia kwa mdomo na kutokea ubavuni. Na kati ya kikapu na kikapu mto unapita. Hawakuuziba.”

Kisha akamgeukia Korongo. “Sisi tumeuziba.”

Korongo hakujibu. Aliyejibu alikuwa Mama Fisi-maji, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

“Yaya Mdiria, umesema kweli. Mimi nimeona mapema kuliko wewe, maana ndiye ninayevuta chandarua, najua kinavyozidi kuwa chepesi. Lakini sina kikapu cha Wagenya. Maji yakijaa, Shefu Mamba hukaa mwezi mzima kwa mlo mmoja. Kwazi huona toka juu. Mimi na hawa wanne tunalala njaa siku ya kwanza. Nikifungua mlango leo, wanangu watakula nini usiku?”

Hakuna aliyekuwa na jibu, na nadhani hapo ndipo mabaraza mengi ya maziwa na mito huvunjika. Sheria husomwa, faini hutajwa, nyavu huchomwa, na swali la mama yule hubaki limekaa palepale. Mimi naamini kwamba asiyelijibu hana haki ya kumfokea.

Kwazi akaruka ghafla. Wakadhani amekasirika. Akarudi na ngolo mmoja wa wastani akamwangusha miguuni pa Mama Fisi-maji.

“Huyu wa leo,” alisema. “Kesho ni zamu ya Shefu.”

Mamba akafumba macho yake ya manjano, akayafumbua. Alitoa samaki wake kesho yake jioni, akiwa wa mwisho na kwa uzito, lakini alitoa. Wakapeana zamu mpaka maji yashuke. Korongo akaambiwa afungue mafundo ya chandarua kwa mdomo wake mwenyewe. Yalikuwa yamevimba kwa maji, yakamchukua mchana kutwa, na hakuna aliyemsaidia. Chandarua wakampelekea Mama Fisi-maji, akakitundika juu ya malalo ya watoto. Usiku ule mbu walilia nje.

Wakatuma mjumbe kwa Papa Nzombo. Alimkuta kwenye kinamasi ng'ambo ya mto, ndani ya shimo jipya. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, wala hakurudi.

Maji yalipojaa tena, Mdiria alikesha juu ya mfereji akihesabu. Siku zote za mafuriko walipita ngolo wakubwa saba. Zamani alikuwa akichoka kuhesabu usiku wa kwanza. Saba wale walitaga, na asubuhi moja, kwenye majani karibu na ukingo, Kongo-ya-sika alionekana akisogea polepole na wingu jeusi kichwani.

Ndugu yangu wa Kisangani, wa Yangambi, wa Isangi, wa Ubundu, mto wetu hujaa tena kuelekea mwisho wa mwaka. Kama chandarua chako kiko kwenye mfereji, kirudishe kitandani kabla maji hayajafika. Na kama aliyekitega ni jirani yako, na ana watoto, mpelekee samaki kwanza ndipo uzungumze naye.