Barua ya Wazi kwa Mabaraza ya Vyuo Vikuu vya Umma: Ombi la Kuzeeka kwa Awamu

Kwa Wenyeviti na Wanachama wa Mabaraza ya Vyuo Vikuu vya Umma nchini Kenya,

Waheshimiwa,

YAH: MASHARTI YETU KATIKA MKATABA WA 2025–2029

Natumai barua hii itawakuta mkiwa wazima na posho zenu zikiwa zimeingia. Sisi wahadhiri na wafanyakazi wenzetu hatujambo, ukiondoa yale machache ambayo huwa tunawaandikia kwenye notisi za mgomo.

Kwanza hongera. Kwingineko watu hujadiliana, wakatia saini, ndipo mkataba ukaanza kutumika. Nyinyi mmeona huo ni ushamba. Mkataba wa 2013–2017 tuliuonja Machi 2017, baada ya siku 54 za mgomo, ukiwa umebakiza miezi michache tu ya kuishi. Ule wa 2017–2021 ulituingiza barabarani mwaka 2018 tukidai jambo dogo mno: mtuambie mko tayari kutoa kiasi gani. Na salio la mkataba huohuo, shilingi bilioni 7.9, ndilo lililotutoa tena darasani Septemba 2025. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka mkataba ulipoanza alikuwa Gredi ya 9 tulipokuwa tunadai salio, na katikati ya safari yake serikali ilikuwa imepata wasaa wa kubadilisha mfumo mzima wa elimu.

Wakati huo Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) ilishikilia kwamba deni lilikuwa milioni 624. Sisi tukisema bilioni 7.9, wao milioni 624, na hesabu ni ya mkataba mmoja, wenye saini zilezile. Ilichukua siku 49 za mgomo na vikao vya kamati ya elimu ya Bunge kukubaliana juu ya hesabu ya kujumlisha, katika nchi ambayo haina uhaba wa maprofesa wa hisabati. Mwishowe tukaafikiana: nusu ya fedha Novemba 2025, nusu ya pili Julai 2026. Wahenga walidai dawa ya deni ni kulipa. Hawakuwa na washauri wa Hazina ya Taifa.

Mfumo huu wa awamu umetuvutia sana, na sasa tunaomba tuuingize rasmi katika mkataba mpya, upande wa kazi. Karatasi ya mtihani yenye maswali matano itasahihishwa maswali mawili na nusu muhula huu, yaliyobaki Julai ya mwaka ujao, fedha zikipatikana. Mwanafunzi wa uzamivu atasomewa tasnifu yake hadi sura ya tatu, kisha tutamwandikia barua ya kumhakikishia kwamba hitimisho lake tunalithamini na limo kwenye bajeti ya ziada. Wazazi wakilalamika, tutawaelekeza kwenu.

Lakini hayo ni ya mshahara, na mshahara hata ukichelewa una mwenye kuulilia. Tuliloandikia barua hasa ni pensheni.

Kila mwisho wa mwezi hati ya mshahara huonyesha makato ya pensheni, yamepangwa vizuri, hadi senti. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 inamtaka mwajiri ayachukue makato hayo, aongeze mchango wake, ayapeleke kwa wadhamini wa mfuko ili yawekezwe. Ni utaratibu mwepesi. Ila ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, mwaka baada ya mwaka, zimekuwa zikitaja vyuo vikuu vya umma ambavyo vinakata na havipeleki. Fedha hutoka kwenye mshahara na hazifiki kwenye mfuko. Ni kama konda wa matatu anayekusanya nauli ya abiria wote, halafu gari likifika Limuru anashuka mbio na kutuachia dereva.

Mtatuambia fedha hazijapotea, zimetumika tu kulipa umeme na kununua chaki. Tunaelewa. Baada ya mtihani wa kidato cha nne wa 2016, waliopata C+ na zaidi walishuka hadi chini ya 90,000, na wale wanafunzi wa kujilipia karo ambao mlikuwa mmewajengea bewa kila mji wenye kituo cha mafuta wakatoweka. Mkabaki na majengo ya kupanga na madeni. Tatizo ni la kweli, na hatukatai. Tunachouliza ni nani aliamua kwamba mkopeshaji wa dharura awe msaidizi wa maktaba anayestaafu mwezi ujao, tena bila riba na bila kuulizwa. Kwa maana pensheni si akiba ya kwenye kopo. Shilingi iliyokatwa leo ilipaswa kuzaa kwa miaka 25. Ikija baada ya miaka 10 inakuja peke yake, bila watoto wake. Hata mkilipa kila senti mliyokata, bado mtakuwa mmetuibia uzee. Samahani, mmetucheleweshea.

Ndiyo sababu tunaomba kuzeeka kwa awamu. Kwa kuwa makato yetu hayajafika, tunaona ni haki miaka yetu nayo isihesabiwe kuwa imefika. Mfanyakazi ambaye pensheni yake imepelekwa kwa miaka 12 kati ya 30 achukuliwe kuwa na umri wa mtu aliyefanya kazi miaka 12. Shinikizo la damu na magoti yasubiri bajeti ya ziada.

Kuhusu uhakika wa kazi sitawachosha, kwa sababu wengi wetu hatuna kazi ya kuhakikishwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema anayepunguzwa kazini alipwe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliotumikia, na chama chake kipewe notisi ya mwezi mzima. Mmekwepa gharama hiyo kwa ustadi: mhadhiri wa muda hapunguzwi, muhula unaisha tu. Anafundisha vitengo vinne, anasahihisha mitihani ya mamia, kisha anasubiri malipo ya kitengo mpaka wanafunzi wake wahitimu na waanze kumpa lifti.

Mnapenda kusema kwamba tumezoea migomo. Waheshimiwa, chama cha awali cha wafanyakazi wa chuo kikuu kilipigwa marufuku mwaka 1980. Mwaka 1993 wahadhiri waligoma ili tu chama chao, UASU, kisajiliwe. Viongozi wakafutwa kazi na kutolewa kwenye nyumba za chuo. Usajili ukaja 2003. Watu waliongoja miaka 23 kupata cheti cha chama hawawezi kuitwa wenye pupa.

Sasa twende kwenye meza. Kifungu cha 41 cha Katiba kinatupa haki ya kujadiliana na mwajiri, ila kila tukiketi tunagundua kwamba mwajiri ameenda msalani. Mabaraza husema fedha ziko Hazina. Hazina husema haiwezi kutoa bila ushauri wa SRC. SRC husema yenyewe hushauri tu. Wizara ya Elimu huja na biskuti, ikatoa wito wa utulivu. Mwenye deni hana fedha, na mwenye fedha hana deni.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya 2025–2029 hatutaanza na asilimia ya nyongeza. Tutaanza na kipengele kimoja, na tumekiandika kwa Kiswahili rahisi ili kisihitaji ushauri wa wakili:

“Posho za vikao vya Baraza la Chuo, pamoja na mshahara wa Naibu Chansela, zitalipwa siku ileile, kwa awamu zilezile na kwa asilimia ileile ambayo makato ya pensheni ya wafanyakazi yatakuwa yamefika kwa wadhamini wa mfuko.”

Tunangoja jibu lenu. Sheria inatutaka tuwape notisi ya siku saba kabla ya kugoma, na hiyo mtaipata nzima, si kwa awamu.

Wenu katika utumishi,

Mhadhiri, kwa niaba ya wenzake