Wasomi wa Banjo

Wapo waungwana wa nota za mistari mitano ambao wakimwona mpiga banjo na karatasi ya tabulatura, yaani tarakimu zinazoonyesha uzi na freti ya kubonyeza, humtazama kama mzee aliyekutwa akihesabu kwa vidole. Tarakimu zile, wanasema, si muziki. Lakini Petrucci wa Venice alichapa tabulatura za luti, binamu wa udi, mwaka 1507. Labda naye hakusoma vya kutosha.

Banjo ya nyuzi tano ina ukaidi wake. Uzi wa tano, ule mfupi uliokaa pale ungetarajia besi, ndio wenye sauti nyembamba kuliko zote. Kisha sauti ileile ya B unaipata kwenye uzi wa pili ukiwa wazi, wa tatu freti ya 4, au wa nne freti ya 9. Nota inakwambia B, basi. Kidole utajijua.

Karne ya 19 huko Philadelphia, S. S. Stewart, mtengeneza banjo, alihimiza nota kwa bidii ili ala yake ikubalike sebuleni kwa wenye nazo. Ikakubalika, ikakaa kwa adabu. Aliyeitikisa ni Earl Scruggs wa North Carolina, na vidole vyake vitatu. Nota hakusoma, kitabu chake cha 1968 kimejaa tabulatura.

Lakini wa tarakimu nao wasicheke mno. Wape tabulatura ya wimbo wasioujua, isiyoonyesha urefu wa sauti, kisha uwanyang'anye simu ya kuusikilizia. Watakwambia banjo imeharibika.