Sifa za Rangi Isiyobanduka

Rangi kuukuu ndiyo mali ya mwisho inayobaki kwenye matatu baada ya injini kuchoka, viti kuchanika na wenye gari kubadilika mara tatu. Katika gereji za jua kali za Kawangware na Kibera, jijini Nairobi, hutukanwa kutwa. Hiyo ni dhuluma, kwa kuwa hakuna sehemu ya gari iliyo aminifu kama yenyewe: kioo huvunjika, betri huibwa, rangi hukaa.

Kwanza, ni mtunza kumbukumbu. Fundi apigaye msasa ubavu wa gari la njia namba 46 husoma historia kinyumenyume. Juu kuna sura ya mwanamuziki. Chini yake, mstari wa manjano wa kanuni za matatu za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Chini kabisa, nyeupe ya kiwandani, kutoka siku gari lilipokuwa Japani na halijawahi kusikia makanga akiita “beba”.

Pili, ni mwalimu asiyedai karo. Kazi huanza kwa msasa namba 80, ikaendelea kwa 240, kisha 400 na maji. Mwanafunzi anayeruka darasa haadhibiwi papo hapo. Hungojwa hadi rangi mpya ikauke na kunywea, ndipo mikwaruzo yote ijitokeze mbele ya mwenye gari, kabla hajalipa.

Tatu, inajua kujificha. Kwenye bati, thina na kikwangulio huiweza. Kwenye bampa hujibanza juu ya plastiki, na kwa kuwa thina hushambulia plastiki nyingi, mwenye pupa huishia na bampa lililokunjamana huku rangi ingalipo. Wazungu wanaokusanya treni ndogo za plastiki wanaijua hila hiyo, nao, ili rangi ilegee bila plastiki kuharibika, huziloweka katika spiriti au mafuta ya breki. Kibera haihitaji treni za namna hiyo, maana ile ya kweli hupita karibu na milango. Mafuta ya breki hata hivyo yanafahamika: yakidondoka bila kukusudiwa, huvimbisha rangi ambayo mwenye gari ametoka kuilipia.

Nne, ni karimu. Ikisagwa ikiwa kavu, haimnyimi mtu: fundi hupata fungu lake mapafuni, mama wa mandazi kwenye karai, mtoto anayecheza kando kwenye vidole anavyovinyonya. Rangi nyingi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini.

Kati ya fadhila zote nne, hiyo ya mwisho ndiyo ya kukataliwa. Msasa uloweshwe maji, fundi avae barakoa, tope la rangi lisimwagwe mtaroni, na watoto wakacheze mbali.