Mwalimu wa Kwaya, Punguza Mikono

Mwalimu wa kwaya anaongoza watu asiowalipa na asioweza kuwafukuza, na nusu yao wanaamini wangeimbisha vizuri kuliko yeye. Haya ndiyo yatakayomwokoa. Tunahesabu kurudi nyuma.

6. Tunza vidole vya miguu. Mwaka 1687 jijini Paris, mtunzi Jean-Baptiste Lully aliongoza Te Deum ya kumshukuru Mungu kwa Mfalme Louis XIV kupona. Enzi hizo mapigo yalihesabiwa kwa kugonga sakafu na fimbo ndefu. Lully akajigonga kidole, kidonda kikaoza, akafariki. Mfalme aliishi miaka 28 zaidi. Munkari una gharama, mwalimu.

5. Saa kumi iwe saa kumi. Ukisubiri waliochelewa, unawaadhibu waliowahi. Wiki ijayo nao watachelewa, na watakuwa na haki.

4. Gawa nakala. Katika karne ya 19, mchungaji Mwingereza John Curwen aliuchukua mfumo wa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, akaueneza ili mtu wa kawaida asome muziki hata kama hana kinanda. Ndiyo hiyo d, r, m unayoandika ubaoni. Lakini wapo walimu wanaofungia nakala kabatini kama hati ya kiwanja, kisha wanalalamika kwamba kwaya haijifunzi. Itajifunzia wapi?

3. Wasalimie alto. Soprano hawana shida, sifa wanajipa wenyewe. Alto anaweza kushikilia nota moja mstari mzima, hakuna anayemwona, lakini siku akikosekana kila mtu anauliza wimbo umepatwa na nini. Mazoezi yajayo anza na sauti ya pili. Wataduwaa.

2. Solo haina mwenyewe. Hapa ndipo kwaya huvunjika. Leo solo anapewa mpwa wa mwenyekiti, kesho teno watatu wamehamia kwaya ya vijana. Fundisha kila solo watu wawili, tangu siku ya kwanza, mbele ya wote. Mafua ya mkesha wa Krismasi hayaangalii cheo. Na mmoja akija kunung'unika, "Mwalimu, hii solo si ilikuwa yangu?", mjibu kwa upole, "Ilikuwa ya wimbo, dada yangu."

1. Funga mdomo, usikilize. Anayeimba pamoja na kwaya anajisikia mwenyewe. Kwaya isiyo na kinanda ikianza kushuka, wengi hupanua mikono, na waimbaji hujibu kwa kelele. Sauti inazidi kushuka, sasa kwa nguvu zaidi. Fanya kinyume: punguza mikono, waimbe kwa sauti ndogo, wasimame duara wasikilizane. Utamsikia anayevuta wenzake chini. Usimtaje jina, rekebisha sauti yake yote.

Kimya nacho ni chako. Handel alipoandika Messiah mwaka 1741, alitega mtego kabla ya Haleluya ya mwisho: kwaya nzima inanyamaza ghafla. Kila Pasaka kuna besi mmoja anayeingia pale peke yake, kwa imani kubwa. Usimkodolee macho mbele ya waumini. Mikono yako ilikuwa ikipepea. Angejuaje kuwa ni kimya?

Jumapili hii jaribu ubeti mmoja tu mdomo umefungwa. Ukigundua kwamba teno wako wanaimba besi tangu Kwaresima, usimlaumu mpiga kinanda. Amekuwa akikukonyeza muda wote.