Stempu Tano za Waliofia Kazini: Povu Ruksa

Tuelewane kabla hamjaanza kurusha mawe. Marehemu hawa sijawapanga. Nina ubavu gani wa kumpangia namba mtu aliyefia kazini? Nimepanga stempu zao, na kigezo ni kimoja tu: kituko. Stempu yenye picha nzuri, jina sahihi na ratiba iliyonyooka imetolewa mashindanoni mapema. Twende, tunaanzia mkiani.

5. Owney (Marekani, 2011)
Ndiyo, mbwa. Mwishoni mwa karne ya 19 alizurura na mabehewa ya barua, akilala juu ya magunia, huku makarani wakimning'iniza vibati vya kila mji aliopita. Waliamini treni aliyopanda Owney haipati ajali. Mwaka 1897 akapigwa risasi huko Toledo, Ohio. Makarani wakagoma kumzika, wakachanga hela akakaushwa, na leo yupo kwenye makumbusho ya posta Washington.
*Hukumu:* hakuwahi kupewa barua ya ajira, na bado hajaruhusiwa kustaafu.

4. Jean Mermoz (Ufaransa, 1937)
Rubani wa barua. Tarehe 7 Desemba 1936 aliondoka Dakar kuvuka Atlantiki, akatuma ujumbe kwamba anazima injini ya nyuma upande wa kulia, kimya kikafuata. Mwaka uliofuata sura yake ikawa inavuka bahari kwenye bahasha. Wenzake wanne waliopotea naye je?
*Hukumu:* stempu ni ndogo, bwana.

3. Mashujaa wa 2001 (Marekani, 2002)
Wazimamoto 343 wa New York walikufa kwenye mashambulizi ya tarehe 11 Septemba. Stempu inaonyesha wazimamoto watatu wakipandisha bendera kwenye kifusi, na wote watatu walikuwa wazima wa afya! Hii ni nchi ambayo kwa desturi mtu aliye hai haingii kwenye stempu. Iliuzwa senti 45: senti 34 za kusafirisha barua, 11 za familia za waokoaji waliokufa au kulemaa. Wiki chache baadaye nauli ya barua ikapanda hadi senti 37, bei ya stempu ikabaki palepale. Nani kapunjwa? Piga hesabu. Hata hivyo zilipatikana zaidi ya dola milioni 10, kwa hiyo nanyamaza.
*Hukumu:* moyo mkubwa, hesabu za dukani.

2. Makasisi wanne wa Dorchester (Marekani, 1948)
Februari 1943 meli ya Dorchester ilipigwa kwa topido ikielekea Greenland. Ndani walikuwemo viongozi wanne wa dini wa jeshi: rabi mmoja, padri Mkatoliki mmoja na wachungaji wawili wa Kiprotestanti. Waliwavua nani majaketi ya kujiokolea? Walijivua wenyewe, wakawapa askari, wakazama.
Sasa kanuni ya stempu ya wakati ule ilisema asiye rais asubiri miaka 10 baada ya kufa. Hawa walikuwa na mitano. Posta ikafanyaje? Sura nne zimo, meli inayozama imo, majina hakuna hata moja. Halafu wakaandika kwamba makasisi hawa hawafi.
*Hukumu:* kama hawafi, kanuni ya marehemu inawahusu nini?

1. Dag Hammarskjöld (Marekani, 1962)
Bingwa wangu, na sirudi nyuma. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, akienda kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, kuhusu vita vya huko. Marekani ikamtolea stempu ya senti 4. Baadhi ya karatasi zikachapwa rangi ya manjano juu chini: jumba la Umoja wa Mataifa limekaa sawa, sura imekaa sawa, manjano tu ndiyo imegeuka. Ukiitazama kwa haraka huoni kitu.
Sonara mmoja wa New Jersey akaona. Ana karatasi nzima ya stempu 50, yaani utajiri! Akatangaza. Kosa lake lilikuwa hapo hapo, maana bosi mkuu wa Posta hakutaka mtu aneemeke kwa uzembe wa ofisi yake. Akaamuru kosa lichapwe tena, makusudi, zaidi ya mara milioni 40. Utajiri ukayeyuka, leo unaipata kwa hela ya karanga.
*Hukumu:* mpatanishi wa Katanga kapumzika, ugomvi ukahamia Posta.

Una stempu yenye kituko kuliko serikali inayokosea kwa amri? Ilete tubishane.